Cherehani Inapokataa Kuvuta: Somo la Sayansi Lililoachwa Barazani

Majuma machache kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari, baraza za maduka katika jiji la Mwanza hugeuka kuwa viwanda vidogo. Kutoka Mlango Mmoja hadi Kirumba na Igoma, mafundi huketi nyuma ya cherehani za kukanyaga kwa miguu, na kando ya kila mmoja wao huwapo rundo la vitambaa vya sare vilivyokwisha kukatwa, vikingojea kushonwa. Katika majuma hayo cherehani moja ikigoma kwa siku mbili tu, hasara haimpati fundi peke yake. Mzazi aliyelipa nusu ya fedha hurudi nyumbani mikono mitupu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza huingia darasani siku ya kwanza akiwa na nguo isiyokubaliwa.

Nyingi za cherehani hizo ni kongwe. Nyingine ni Singer zilizopita katika mikono ya watu watatu au wanne. Nyingine ni Butterfly za kutoka Shanghai, zilizoundwa kwa kufuata umbo la Singer ya aina ya 15, ambalo limeigwa na viwanda vingi vya Asia. Mwili wake ni chuma cha kusubu, na chuma hicho hakichoki upesi. Hata hivyo, upo ugonjwa mmoja unaozisumbua kuliko mingine: cherehani hukataa kuvuta kitambaa. Sindano hupanda na kushuka kama kawaida, lakini kitambaa husimama palepale, au husogea kwa kusitasita, mshono mmoja ukiwa mrefu na wa pili mfupi. Uzi hujikusanya chini ya kitambaa, kisha hukatika.

Linalofuata baada ya hapo ndilo linalostahili kutazamwa. Mara nyingi bisibisi huchukuliwa na skrubu zote zinazoonekana huzungushwa, moja baada ya nyingine, bila kukumbuka ilikuwa wapi mwanzo. Mafuta humiminwa kila tundu. Gurudumu huvutwa kwa nguvu. Mashine ikiendelea kugoma, hukumu hutolewa kwamba imechoka, na huuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa bei ya uzito wake. Hivyo mtaji wa maisha ya mtu huishia kwenye mizani ya chuma, ilhali pengine kilichokosekana ni kipande cha kijiti cha kuondolea taka, au nusu mzunguko wa skrubu moja.

Mashine nyingi zinazohukumiwa hivyo hazijachoka. Kilichokosekana ni utaratibu wa kufikiri. Kutafuta kosa katika mashine ni kazi ya sayansi kwa ukamilifu wake: ina kutazama, ina dhana, ina jaribio, na ina uamuzi. Kazi hiyo imeachwa barazani kana kwamba haihusiani na darasa, wakati darasani wanafunzi hukariri hatua hizo hizo za sayansi bila kuona hata mara moja zinavyookoa kitu cha thamani. Ni kosa la pande mbili, na linaweza kusahihishwa kwa gharama ndogo sana.

Mwendo wa hatua nne

Hakuna awezaye kujua mashine imekosea wapi bila kwanza kujua inapaswa kufanya nini. Cherehani ya Elias Howe, aliyepata hataza yake nchini Marekani mwaka 1846, ilishona vizuri, lakini kitambaa kilitundikwa kwenye bamba lenye pini, nalo bamba likasogea pamoja nacho. Bamba lilipofika mwisho, kazi ilisimamishwa na kitambaa kikatundikwa upya. Isaac Singer, katika mashine yake ya mwaka 1851, alitumia gurudumu lenye mikwaruzo lililosukuma kitambaa kutoka chini. Jibu lililodumu hadi leo lilitolewa na Allen Wilson mwaka 1854, nalo ndilo linaloonekana katika kila cherehani ya barazani Mwanza: meno madogo yaliyo chini ya mguu wa cherehani, yanayokwenda mwendo wa hatua nne.

Hatua ya kwanza, meno hupanda juu kidogo ya bati. Hatua ya pili, husogea nyuma, yakikibeba kitambaa. Hatua ya tatu, hushuka chini ya bati. Hatua ya nne, hurudi mbele yakiwa matupu, tayari kuanza upya. Meno hayo hubeba kitambaa wakati sindano iko juu. Sindano inapokuwa ndani ya kitambaa, meno hayatakiwi kukisogeza. Mguu wa cherehani, ukisukumwa na springi, hukibana kitambaa kwa juu ili meno yaweze kukishika kwa chini.

Mwanafunzi aliyeuelewa mwendo huo amepata ramani ya ugonjwa. Kitambaa kisipokwenda, hatua mojawapo haikutimia: ama meno hayakupanda vya kutosha, ama yalipanda lakini hayakusogea, ama yalisogea lakini hayakukishika kitambaa. Zaidi ya hayo matatu hakuna njia nyingine kubwa. Swali lililoonekana kuwa na majibu mia sasa lina majibu matatu, na kila moja laweza kujaribiwa.

Kuuliza mashine maswali

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Uzi huondolewa, mguu wa cherehani huinuliwa, na gurudumu la mkono huzungushwa polepole huku meno yakitazamwa kutoka ubavuni. Je, yanapanda juu ya bati? Yasipopanda, mtuhumiwa wa kwanza ni taka. Pamba iliyochanika kutoka katika uzi na kitambaa, ikichanganyika na vumbi na mafuta, hujishindilia katika mianya ya bati mpaka ikawa ngumu kama ubao. Meno hugonga taka hiyo badala ya kushuka na kupanda kwa uhuru. Bati hufunguliwa, taka huondolewa kwa kijiti au brashi, na kazi huendelea. Katika baadhi ya mashine upo pia wenzo wa kuyateremsha meno kwa ajili ya kudarizi. Mtu akiugusa bila kujua, anaweza kuhangaika siku nzima akitafuta ugonjwa usiokuwapo.

Je, meno yanapanda lakini hayasogei nyuma? Hapo hutazamwa wenzo wa urefu wa mshono. Ukiwa kwenye sifuri, meno hupanda na kushuka mahali pamoja, na mashine haina kosa lolote. Wenzo ukiwa mahali pake na meno bado hayasogei, huenda skrubu inayobana mhimili ulio chini ya kitanda cha mashine imelegea. Mashine hulazwa ubavu, gurudumu huzungushwa, na jicho hufuata mwendo kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye meno. Pale mwendo unapoishia ndipo penye kosa.

Je, meno yanapanda na kusogea, lakini kitambaa hakifuati? Hapo shauri ni la kushikana. Huenda springi ya mguu imelegezwa mno, au meno yenyewe yamesagika ncha zake kwa miaka mingi ya kazi. Kidole kikipitishwa juu ya meno yaliyo mazima, ukali wake huhisiwa. Yaliyosagika huteleza kama kokoto ya ufukweni.

Utaratibu huu una kanuni mbili ambazo yafaa ziandikwe katika daftari la kila mwanafunzi. Ya kwanza ni kuanza na lililo jepesi na lisilo na gharama: kusafisha kabla ya kurekebisha, kurekebisha kabla ya kununua. Ya pili ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha kujaribu. Fundi azungushaye skrubu tatu pamoja na mashine ikapona, hajui ni ipi iliyoiponya. Mashine isipopona, sasa ana makosa matatu mapya juu ya lile la zamani.

Dalili hudanganya

Wanafunzi hufundishwa kwamba sababu hutangulia tokeo. Wasichofundishwa mara nyingi ni kwamba mahali tokeo linapoonekana si lazima pawe mahali pa sababu. Cherehani hufundisha jambo hili vizuri. Uzi unapojikusanya chini ya kitambaa, karibu kila mtu asiyezoea hufungua upande wa chini, kwenye bobini, na kuanza kuchokoa. Lakini mara nyingi kosa liko juu: uzi wa juu haukupita sawasawa katikati ya visahani vya kuukazia, kwa hiyo uzi wa chini hauna wa kuvutana naye, na uzi wa juu uliolegea huteremka na kujilimbikiza chini. Aliyechokoa bobini ametibu mguu wa mgonjwa anayeumwa kichwa.

Mfano wa pili ni wa mkanda wa ngozi unaoleta mwendo kutoka kwenye gurudumu kubwa la miguuni. Mishono isipolingana urefu, mkanda uliolegea hulaumiwa haraka. Lakini hebu ifikiriwe kidogo. Sindano na meno huendeshwa na mhimili mmoja wa juu. Mkanda ukiteleza, mhimili huo hupunguza mwendo, na sindano na meno hupungua mwendo kwa pamoja. Kazi itakwenda polepole, lakini urefu wa kila mshono hautabadilika. Kwa hiyo mkanda waweza kulaumiwa kwa uvivu wa mashine, wala si kwa mishono isiyolingana. Mwanafunzi aliyefikia uamuzi huo bila kushika bisibisi amefanya kazi ya kisayansi isiyopungua hadhi mbele ya kazi yoyote ya maabara.

Msuguano wa pande mbili

Sheria ya msuguano hufundishwa katika shule zote za sekondari: kani ya msuguano hutegemea kani inayozigandamiza nyuso mbili pamoja, na jinsi nyuso zenyewe zilivyo laini au zenye mikwaruzo. Kwa kawaida hufundishwa kwa kipande cha ubao kinachovutwa juu ya meza. Chini ya mguu wa cherehani sheria hiyo hiyo hufanya kazi mara mbili kwa wakati mmoja. Kwa chini, meno makali hukivuta kitambaa kiende. Kwa juu, mguu laini hukizuia. Kitambaa hukubali kwenda kwa sababu msuguano wa chini umeushinda wa juu.

Kutoka hapo sababu ya mambo mengi huonekana wazi. Fundi anayeshona turubai au kitambaa kizito cha tanga la mtumbwi hukaza skrubu ya juu inayoibana springi ya mguu, ili meno yapate kushika. Akirudi kushona kitambaa chepesi cha gauni bila kuilegeza skrubu hiyo, kitambaa hujikunja na kupata alama za meno. Na tabaka mbili zinaposhonwa pamoja, la chini huvutwa na meno moja kwa moja, ilhali la juu huzuiwa na mguu. Ubanaji ukizidi, tabaka la chini humalizika mapema na la juu hubaki na ziada mwishoni. Wengi huidhani ziada hiyo kuwa kosa la mkasi, kumbe ni msuguano.

Kemia nayo ina nafasi yake. Baadhi ya watu hutia mafuta ya kupikia katika cherehani kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Mafuta ya mbegu za pamba na ya alizeti, yakikaa hewani katika utando mwembamba, huungana na oksijeni na kugeuka polepole kuwa kitu chenye kunata mithili ya gundi. Mashine iliyotiwa mafuta hayo hulainika siku hiyo na kukaza baada ya miezi. Mafuta mepesi ya cherehani, yanayotokana na petroli ghafi, hayana tabia hiyo. Kando ya ziwa, ambako unyevu wa hewa huleta kutu wakati wa mvua na upepo wa kiangazi huleta vumbi, uchaguzi wa mafuta ni uchaguzi wa umri wa mashine.

Ukoo wa mashine zinazolishwa

Cherehani si mashine pekee inayoishi kwa kulishwa hatua kwa hatua. Mashine ya kuchambua pamba, mashine ya kuchapa magazeti, na hata bunduki ya kujipakia yenyewe, zote zina mzunguko wa aina moja: kitu huletwa, hushikwa, hutumiwa, huondolewa, na kingine huletwa kwa wakati wake. Bunduki ya SKS, iliyobuniwa na Simonov wa Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1940, hubeba risasi 10 zinazosukumwa juu na springi, na gesi ya mlipuko hukirudisha nyuma kitasa chake ili kilete risasi inayofuata. Bunduki kongwe ya namna hiyo inapokwama, fundi wa silaha mwenye ujuzi haanzi kwa kukinoa kitasa kwa tupa. Hutazama kwanza springi iliyolegea kwa uzee, midomo ya kihifadhi risasi iliyopinda, uchafu na grisi iliyoganda, na risasi zenyewe. Mpangilio wa fikra zake ni ule ule wa fundi wa Kirumba: hatua ipi ya mzunguko haikutimia, na ni kitu gani chepesi kinachoweza kuizuia?

Undugu huo una historia. Katika miaka ya 1850, kampuni ya Wheeler & Wilson ya Marekani, iliyotengeneza cherehani za Allen Wilson, ilichukua wataalamu kutoka viwanda vya silaha ili watengeneze sehemu zinazolingana kabisa, hata sehemu ya mashine moja ikae katika nyingine bila kukwanguliwa. Karibu miaka 90 baadaye kazi ilikwenda upande wa pili: Singer ilipewa na jeshi la Marekani agizo la bastola 500 za aina ya M1911. Ujuzi wa kufanya chuma kilishe kitu kwa wakati wake ni mmoja. Matumizi ndiyo hutofautiana.

Silaha haina nafasi katika darasa, na usalama wake una sheria na watu wake. Lakini cherehani yaweza kuwekwa juu ya meza ya maabara bila hofu, ikafunguliwa, ikatazamwa, ikafungwa tena, na kila somo la mzunguko, springi, msuguano na wakati likapatikana humo.

Jaribio la karatasi yenye mistari

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni mazuri lakini shule hazina vifaa. Jaribio lifuatalo halihitaji zaidi ya cherehani moja ya kuazimwa, sindano ya zamani, karatasi ya daftari na rula. Sindano iwe ya zamani kwa sababu karatasi huifanya butu upesi.

Wenzo wa urefu wa mshono huwekwa mahali pamoja na hauguswi tena. Karatasi hushonwa bila uzi, gurudumu likizungushwa kwa mkono, na karatasi ikiachwa iende yenyewe bila kuvutwa. Yatobolewe matundu 21, ambayo hufanya nafasi 20. Urefu wa nafasi zote hupimwa kwa rula na kugawanywa kwa 20. Ukiwa milimita 50, wastani wa mshono ni milimita 2.5. Kisha kila nafasi hutazamwa peke yake. Nafasi zote zikiwa fupi kwa kiasi kile kile, hutazamwa kwanza mahali wenzo ulipowekwa. Zikiwa nyingine ndefu na nyingine fupi, hutazamwa kwanza mshiko: taka, springi, au meno. Baadaye bati husafishwa, na jaribio hurudiwa. Kisha ubanaji wa mguu hubadilishwa, na jaribio hurudiwa tena. Matokeo huandikwa katika jedwali.

Katika kipindi kimoja darasa limepata upimaji, wastani, mtawanyiko wa vipimo, jambo linalobadilishwa na mambo yanayoshikiliwa yasibadilike. Hakuna kemikali iliyonunuliwa, wala hakuna umeme uliotumika. Na tofauti na majaribio mengi ya kitabuni, jibu lake halijulikani kabla. Mwalimu mwenyewe huenda asilijue. Huo si upungufu wa jaribio. Ndiyo heshima yake.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba mashine hizi ni za zamani, na vijana wafundishwe mashine mpya za umeme. Hapana shaka mashine mpya zinakuja, na zikaribishwe. Lakini mwendo wa hatua nne wa mwaka 1854 umo pia ndani ya nyingi za hizo mpya. Umefichwa tu nyuma ya plastiki. Aliyejifunza kwenye mashine iliyo wazi atauona hata palipofunikwa. Tena, kwa familia nyingi za Mwanza, Sengerema na Ukerewe, cherehani iliyopo ndiyo ile ya kukanyaga, na haizimiki umeme unapokatika.

Pingamizi la pili ni kwamba kazi hii ni ya vyuo vya ufundi. Kanda ya ziwa ina shule za sekondari zenye historia ya ufundi, kama Bwiru na Musoma, na vipo vyuo vya mafunzo ya ufundi stadi. Lakini ikiwa kutafuta kosa kwa utaratibu kutaachiwa wale watakaokuwa mafundi peke yao, daktari, mkulima, mhasibu na mwalimu watalipata wapi? Mgonjwa mwenye homa, shamba la pamba lenye majani ya manjano, na hesabu isiyolingana huhitaji fikra ile ile: kujua mzunguko ulio sawa, kutafuta hatua iliyovunjika, kuanza na lililo jepesi, kubadili jambo moja. Mwalimu Nyerere, alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule isitengwe na kazi za watu wanaoizunguka. Mahali pengi shauri hilo lilieleweka kuwa jembe tu. Bisibisi nayo ilikuwa na haki ya kuingia, na akili inayoiongoza zaidi.

Pingamizi la tatu hutoka kwa mafundi wenyewe, nalo ni zito zaidi. Ujuzi wa kuponya mashine ni riziki. Kwa nini fundi aufunue mbele ya watoto wa shule? Jibu ni kwamba ujuzi uliofichwa hufa pamoja na mwenyewe. Fundi mzee mwenye sikio linalotambua mlio wa skrubu iliyolegea anapoondoka barazani bila kuacha maandishi, jiji zima hupungukiwa na maktaba ambayo haikuandikwa. Shule imwalike kwa heshima, imlipe muda wake, na wanafunzi waandike kwa jina lake yale anayoyasema. Wakati huo huo asionewe haya kuulizwa: kwa nini? Baadhi ya mazoea ya barazani ni hekima, na mengine ni ajali iliyorithiwa, kama yale ya kumimina mafuta ya kupikia. Jaribio halimdharau mzee wala kumpendelea kijana. Hutenganisha tu lililo kweli na lililozoeleka.

Ni haki pia kukiri kwamba si kila mashine itapona. Meno yaliyosagika hayaoti tena, hubadilishwa. Mhimili uliopinda mara nyingi hugharimu zaidi ya thamani ya mashine. Fikra za kisayansi haziahidi kwamba kila kitu kitatengenezeka. Zinachoahidi ni kwamba fundi atajua sababu ya kukata tamaa, na hatakata tamaa mapema kwa sababu ya pamba iliyojishindilia chini ya bati.

Yafaa basi kila shule ya sekondari iliyo kando ya ziwa itafute cherehani moja iliyohukumiwa kuwa imechoka, kabla haijafika kwenye mizani ya chuma chakavu. Iwekwe mezani katika maabara ya fizikia. Darasa lipewe daftari moja la pamoja, na katika ukurasa wa kwanza yaandikwe mambo manne: mashine inafanya nini sasa, inapaswa kufanya nini, ni hatua ipi isiyotimia, ni jambo gani moja litakalojaribiwa leo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa hauzibwi na mtu asiyejua ulipo. Siku cherehani hiyo itakapovuta kitambaa tena, ishonwe kwayo sare ya mwanafunzi mmoja asiyekuwa nayo, na daftari lihifadhiwe kwa ajili ya darasa litakalofuata.